Kiti cha Mkwe Kwenye Meli ya Homa Bay

Safari hii ilianza na aibu. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni, chuo kikuu kimefungwa, nami nimerudi nyumbani upande wa Homa Bay, ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kubishana. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilimweleza jinsi daktari wa Kisumu angeuondoa ule ukungu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Macho yangu yamechoka tu. Hata wewe ukichoka utanyamaza."

Halafu Otieno, mume wa dada yangu Akinyi, akaja kututembelea. Mama alikutana naye karibu na ghala, akaona kivuli kirefu, akadhani ni mimi. Akamshika mkono kwa nguvu.

"Ochieng', nipeleke chooni haraka."

Asiye Mluo atacheka. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani, wala mmoja halali alipolala mwingine. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini ili mwenzake apite. Otieno hakuthubutu kujibu wala kuuvuta mkono wake. Mwishowe alikohoa, na mama akakijua kile kikohozi. Jioni hiyo hiyo Otieno alirudi Nyamasaria, kando ya Kisumu, alikofanya kazi, na tangu hapo hakukanyaga tena kwetu. Akinyi akawa anakuja peke yake, na kila akija analia. Mama naye alisusia chakula siku nzima. Kesho yake akaniambia, "Nipeleke kwa huyo daktari wako."

Niliona ni upuuzi mtupu. Upofu haukumtisha, mkono wa mkwe ndio uliomtisha! Lakini mara hiyo moja sikubishana. Nilifunga mzigo.

Kisumu, wakapasua jicho la kushoto kwanza. Siku ya kutoka hospitalini daktari alilifunga bandeji, akatupa masharti: asiiname, asitikiswe, alale chali kila apatapo nafasi, na jua lisimpige. Bandeji ingeondolewa Homa Bay. Barabara ya kupitia Ahero na Sondu ilikuwa mashimo kwa mashimo, kwa hiyo nikachagua meli. Isitoshe, nilijua kwamba sitaha ya juu ilikuwa na viti vya turubai vya kulalia, vilivyowekwa zamani kwa watalii waliopenda kuota jua.

Asubuhi, gatini, tuliwahi, ila wenzetu walikuwa wamewahi zaidi. Sitaha ya chini ilijaa magunia, mbuzi na baiskeli. Nilimpandisha mama ngazi taratibu. Huko juu viti vyote vilikuwa vimekaliwa, lakini si na watu. Kimoja kilikaliwa na leso, kingine na kofia, kingine na Biblia. Kile kilichokuwa chini ya kivuli kizuri kuliko vyote kilikaliwa na kuku mwekundu aliyefungwa mguu.

"Nani amempa kuku haki ya kiti?" niliuliza kwa sauti.

"Mimi," akajibu mwanamke mnene aliyekuwa akipanga vyungu kando ya reli. "Na ana adabu kukushinda. Hajapiga kelele tangu tufike."

Huyo alikuwa Mama Adongo, mchuuzi wa Pap Onditi, akipeleka vyungu vyake Kendu Bay. Nilimweleza habari za jicho, mshono na masharti ya daktari. Aliniacha nimalize.

"Pole sana. Lakini kijana, kila safari mtu huja na mgonjwa wake. Juzi mwingine alisema mkewe amepasuliwa tumbo. Nikampa kiti. Kufika Kendu, yule mke akajitwika gunia la mahindi, akaondoka."

Watu wakacheka. Nikamgeukia mwenye kofia, Mhindi mmoja wa makamo mwenye duka la nguo Homa Bay.

"Mgongo, bwana," akasema kabla sijafungua kinywa. "Hauna bandeji, lakini unauma."

Honi ikalia, tukaondoka. Mama alishika reli kwa mikono miwili. Tulipotoka kwenye maji yaliyotulia, meli ikaanza kuyumba, naye kila mara akiinama kidogo ili asianguke. Kila alipoinama nililiona lile jicho moyoni mwangu likifumuka. Jua lilikuwa linapanda. Nilizunguka sitaha nzima nikitafuta hata ubao.

Nyuma ya bomba la moshi nilikuta kiti kimoja zaidi, na mtu amelala juu yake, gazeti usoni. Nililiinua lile gazeti. Alikuwa Otieno, akienda likizo kwao.

"Omera, ndugu yangu!" akasema, kisha akaruka wima. "Mama yumo humu?"

"Yuko pale relini. Ametoka kupasuliwa jicho. Hana pa kulala."

"Chukua kiti. Mimi nashuka chini kwa mbuzi." Akakimbilia ngazi bila kugeuza shingo.

Nilimleta mama polepole. Alinyoosha mkono, akalipapasa turubai.

"Lina joto. Nani alikuwa amelala hapa?"

"Mtu ametuachia."

"Mtu gani?"

Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji, la pili limejaa ukungu. Asingejua kamwe. Na mimi sikuamini kwamba turubai linaweza kumdhuru mtu kwa sababu mkwe wake amelilalia. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa ndani ya wangu, naye alikuwa anakanyaga popote nilipomwambia akanyage.

"Otieno," nikasema.

Aliuondoa mkono kana kwamba amegusa sufuria jikoni.

"Nitasimama."

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari ana mama mkwe? Nitasimama mpaka Homa Bay."

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nilimwuliza, sitaha nzima ikisikia, kama kipande cha turubai kina thamani kubwa kuliko jicho. Alirudi kwenye reli kwa kupapasa, akasimama, uso ameuelekeza juani.

Mama Adongo aliacha vyungu vyake.

"Amekataa kiti?"

"Kilikuwa cha mkwe wake."

"Mkwe mwenyewe yumo melini?"

"Ameshuka chini."

"Ala! Na wewe umesimama tu unatoa hotuba?"

Yaliyofuata yalikwenda mbio kuliko nilivyoweza kuuliza. Mama Adongo alimfungua kuku, akampakata, na kwa mkono wa pili akamlaza mama yangu chali kwenye kile kiti cha kivulini. Yeye mwenyewe akajibwaga kwenye kiti cha Otieno.

"Mimi kitanifaa. Si mkwe wangu huyo. Binti zangu wangemkataa."

Wanawake wawili walisimama na leso zao kuziba upande wa ngazi, ili Otieno akipanda asimwone mama mkwe wake amelala. Leso hazikutosha. Yule Mhindi alifungua furushi lake, akatoa kitambaa kirefu cha maua, akakifunga relini.

"Kwetu pia mama mkwe si mchezo," akasema, akikaza fundo.

Nilichuchumaa kando ya Mama Adongo. "La jicho ulilikataa, la mkwe umelikubali. Kwa nini?"

"La jicho uliniambia wewe. La mkwe nimeliona mwenyewe. Anayedanganya apate kiti hakikatai akishakipata."

Miaka yangu yote chuoni sikuwahi kukutana na hoja iliyonyooka hivyo. Nikanyamaza, kama mama alivyotabiri.

Kendu Bay, Mama Adongo alishuka na vyungu na kuku wake. Mama hakumwona akienda, alikuwa amelala usingizi mzito.

Homa Bay, baada ya siku chache, muuguzi aliondoa bandeji. Jicho lilitoa machozi tu. "Naona mwanga," mama alisema. "Naona kama niko ndani ya maji." Muuguzi akasema tuwe na subira. Nilijua wauguzi husema hivyo hata mambo yakiharibika, na sikulala vizuri.

Redio ikatangaza chuo kimefunguliwa. Asubuhi ya kurudi Kisumu mama aling'ang'ania kunisindikiza hadi gatini, nikimshika mkono. Watu walikuwa wengi. Ghafla aliniachia, akavuta leso hadi usoni, akajiingiza nyuma ya magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani.

"Mama, kuna nini?"

"Pita, mwanangu, pita. Otieno anakuja."

Nilitazama. Mwisho wa gati niliona watu wadogo wadogo tu. Walipokaribia ndipo nilipoutambua ule urefu, na shati la buluu. Mama alikuwa amemwona kabla yangu, kwa jicho moja.

Sitaha ya juu, viti vilikuwa tele siku hiyo, lakini hatukuketi. Nilimwambia Otieno kilichotokea.

"Alinikimbia?"

"Alikukimbia."

"Kutoka mbali?"

"Mbali sana. Mimi mwenyewe sikuwa nimekuona."

Alicheka mpaka akashika reli. "Basi Krismasi tutakuja wote, mimi na Akinyi. Njia nitampisha mimi."

Sijaacha kuuliza maswali. Ila siku hizi, kabla ya kuita jambo upuuzi, huuliza kwanza linambebea nani mzigo gani.

Honi ililia. Tulipoanza kuachana na gati, mama hakutokeza uso, maana mkwe wake alikuwa amesimama kando yangu. Mkono mmoja tu ndio uliochomoza nyuma ya magunia ya omena, ukanipungia mimi barabara, na haukukosea.