Baba Watoto Siku ya Idi

Kila Idi baba watoto huwanyoosha wanawe kofia mlangoni, mbele ya macho ya mtaa, ijapokuwa mkewe Mwanabibi amekwisha kuzinyoosha ndani. Kisha huwazungusha nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, akimshika mdogo kwa vidole viwili tu, kanzu yake mwenyewe isije ikakunjika. "Watoto hupambwa hivi!" sauti yake hufika hadi jikoni, na Malindi nzima humjibu mashaallah. Mwanabibi, aliyewaosha, akawakata kucha na kuwapigia pasi ya makaa tangu alfajiri, huyasikia hayo akiwa ameinamia sufuria ya pilau.

Mwaka huu aliazimia kwenda kumwona mamake huko Mambrui. Alikuwa amejifukiza udi, buibui mwilini, gari linamngoja konani, waliporudi. Mdogo alilishwa halua kila nyumba na sasa amejinyea. Babake amemning'iniza mbali na kifua kama samaki aliyevunda.

"Mama watoto, mchukue mwanao."

Asubuhi yote alikuwa mwana wa babake.

"Maji yamo pipani," alisema Mwanabibi, akajifunika ushungi. "Mie niko Mambrui."

Alikuwa keshafika konani alipoitwa, kutoka nyumba ambamo bwana huyo anaishi mwaka wa nane sasa:

"Sabuni huwekwa wapi?"

Hakugeuka.