Siku Kanga ya Wifi Iliposomwa Chanika

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kabla wenzangu wa ofisini hawajawasimulia, maana wale wakianza wanaongeza chumvi, na ilivyo haihitaji hata punje.

Mie nafanya kazi kampuni moja ya bima mjini, na mwaka huu tuliombwa tujitolee Jumamosi kwenda Chanika kuwafundisha kusoma watoto walioachwa nyuma darasani. Nikapewa Zuhura, wa darasa la nne, mtoto mpole ambaye herufi zilikuwa zinamkimbia kama kuku wa kienyeji. Tulianza na a, e, i, o, u, tukachomwa na joto la bati pamoja, na nawaambia ukweli, siku aliposoma neno "mboga" peke yake nilimkumbatia hadi akaogopa. Shida ilikuwa mwalimu mkuu. Yeye alishikilia kwamba Zuhura anakariri tu, na asiposoma siku mgeni rasmi atakapokuja kuwasikiliza watoto anarudishwa darasa la pili, akakae dawati moja na mdogo wake. Mtoto alilia siku hiyo, nikamwambia harudi mtu hapa.

Basi siku yenyewe nikatinga fulana ya kampuni na suruali ya kubana, kufika getini mlinzi akaniangalia chini juu. "Dada, mkuu hapendagi hiyo." Nikafungua buti la gari, nikatoa kanga niliyopewa na wifi yangu tulipohamia nyumba mpya Mbezi Beach, nikajifunga kiunoni haraka haraka, nikaingia. (Sie wa bara, bwana, kanga tunachagua kwa rangi. Ile ina maua ya machungwa mazuri, na wifi nilimshukuru kwa moyo mmoja. Maandishi niliyaona, ndiyo, ila nani anakaa kusoma kanga?)

Mgeni rasmi alikuwa mkurugenzi wetu, mama asiyecheka ovyo. Zuhura akashika kipaza sauti, akasoma hadithi ya sungura ukurasa mzima bila kukwama, wazazi wakapiga makofi, nami kifua mbele. Mwalimu mkuu akanyanyua mkono. "Mheshimiwa, huo ukurasa wameufanyia mazoezi." Na kweli tulikuwa tumeufanyia mazoezi hadi sungura mwenyewe alikuwa amechoka! Mkurugenzi akakifunga kitabu. "Basi mwanangu, tusomee kitu kingine chochote unachokiona hapa."

Nikashindwa kumtazama mtoto, nikampa mgongo, nikajifanya nanyoosha waya wa spika. Mara spika ikaanza kusema taratibu.

"Ka-ma... hu-ni-pe-ndi... kwa-ngu..."

Nikawaza anasoma wapi, maana bango la kampuni lilishakunjwa na upepo. Kugeuza shingo, macho yake yako kwenye makalio yangu.

"Madamu, geuka kidogo, haijaisha."

Ningefanyaje? Nikigoma, mtoto anarudi darasa la pili. Nikageuka. Mbele ya mkurugenzi, walimu, wazazi na mpiga picha wa kampuni, nikamzungushia kiuno mtoto wa watu ili amalizie.

"...u-me-fu-a-ta ni-ni!" Kisha akairudia yote kwa mkupuo, akimtazama mgeni rasmi usoni: "Kama hunipendi, kwangu umefuata nini!" (Kumtazama mgeni nilimfundisha mwenyewe, nilimwambia msomaji mzuri huinua macho.)

Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia hata harusini. Mama mmoja akadakia, "Hiyo umepewa, shoga, hujanunua!" na hapo ndipo nilipoelewa wifi alikuwa ananiambia nini miaka yote hii. Nilitamani ardhi ipasuke. Mkurugenzi alicheka hadi akavua miwani, akamgeukia mwalimu mkuu. "Na hii nayo wameifanyia mazoezi?"

"Hapana, mheshimiwa," akasema yule baba, naye anajizuia kucheka. "Huyu anasoma. Harudi darasa la pili."

Wakati bado watu wanashangilia, mama yake Zuhura, ambaye shule hakuiona kabisa, akatoka viti vya nyuma, akajivua kanga ya mabegani, akaitandaza mbele ya mwanawe.

"Hii nilipewa siku nilipokuzaa. Inasemaje?"

Zuhura akaweka kidole. "Ni-li-cho-o-mba... ni-me-pe-wa."

Yule mama alimfunika mwanawe kwa kanga ile ile, akamshikilia. Mie nililia mbele ya kila mtu na sikujifuta, nilijivuna, acheni nijivune.

Tangu siku hiyo nimeapa, kanga haigusi kiuno changu kabla sijaisoma mwanzo hadi mwisho. Ila kwa Zuhura, hata ingekuwa imeandikwa matusi, ningegeuka tena.