Funguo Mbili Kwenye Sahani

Siku hizi redioni hawaishi kubishana. Huyu anataka nchi iendeshwe kwa majimbo, yule anataka madaraka yashushwe halmashauri, mwingine anasema kila kitu kibaki serikali kuu tusije tukagawanyika. Binti wa dada yangu, ambaye nimemlea mimi, huniuliza niko upande gani. Naizima redio, namwambia akaangalie maharage jikoni. Simwambii kwamba mambo hayo wanayoyazungumza kwa maneno makubwa ndiyo yaliyomuua mama yake. Nitaanzia wapi?

Kijiji chetu kiko nusu siku kwa baiskeli kutoka Namanyere, makao ya wilaya, juu kwenye baridi. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, tulijenga zahanati kwa mikono yetu. Tulifyatua matofali, tukayachoma. Hata wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, ambao kila siku tuligombana nao kwa sababu ya ng'ombe kuingia mashambani, walitoa ng'ombe wakauzwa, tukapata bati. Baba yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Sijamwona akiwa na furaha kama mwaka ule. Alikuwa akipita pale hata Jumapili, ametoka misa na suti yake, anagonga ukuta kwa kiganja na kucheka peke yake.

Siku ya kukabidhi, watu wenye akili zao wangebaki na ufunguo wa pili. Sisi? Wapi! Kwetu Ufipa ukimpa mgeni kitu unampa chote, kubakiza ni uchoyo. Kufuli lilikuwa na funguo mbili. Baba akaziweka zote mbili kwenye sahani, akazifunika kwa kitambaa alichofuma dada, akamkabidhi ofisa wa halmashauri huku tukipiga makofi taratibu, makofi yetu ya heshima. Ofisa akazitia mfukoni, akanywa pombe ya ulezi, akarudi zake Namanyere.

Tukamngoja muuguzi. Halmashauri ikasema jengo ni lake ila kuajiri si kazi yake, watumishi wanatoka serikali kuu. Serikali kuu yenyewe wakati ule ilikuwa inapunguza watu kazini. Barua zikapanda, barua zikashuka. Ebo! Mahindi yalikuwa ruksa, mitumba ruksa, Fuso za wafanyabiashara zilikuja kununua mpaka uani kwetu, lakini muuguzi mmoja tu alihitaji kibali cha Dar es Salaam.

Halafu, bila muuguzi, wizara ikaleta sanduku la dawa, maana zahanati yetu ilishaingia kwenye orodha yake. Mtu wa halmashauri alikuja na gari, akafungua, sanduku likaingizwa. Baba akatia saini kwamba litakaa salama bila kuguswa mpaka muuguzi afike. Kufuli likafungwa tena, funguo zikaondoka na gari. Ikawa kuta ni zetu, kufuli la halmashauri, na dawa za serikali kuu. Mgonjwa tu ndiye asiyekuwa na mwenyewe.

Dada yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alinizidi miaka minne, na tangu mama yetu atangulie, yeye ndiye aliyenisuka nywele na kunifokea. Alikuwa mchokozi. Akipita pale zahanati na tumbo lake alikuwa akibisha hodi mlangoni, "Hodi wenyewe! Mmelala?" Sote tunacheka, baba naye anacheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo.

Uchungu ulimshika asubuhi. Kijijini alikuwepo mama mmoja muuguzi aliyestaafu hospitali ya misheni, akaja kumzalisha nyumbani kwetu. Kabla ya adhuhuri mtoto akatoka, wa kike, analia vizuri. Tukapiga vigelegele. Lakini damu haikukoma. Mama muuguzi alijaribu yote aliyoyajua, kisha akatoka nje mikono imelowa hadi viwikoni.

"Mwenyekiti," akamwambia baba, "kwenye lile sanduku huwa kuna sindano ya kukaza kizazi. Vunjeni kufuli. Sasa hivi."

Baba akamtazama kama hakusikia. Kisha akasema, "Nimetia saini."

"Baba!" nikapiga kelele.

"Nimetia saini, mwanangu. Mwenyekiti akivunja mali ya serikali, muuguzi hataletwa hapa milele. Shemeji yako akimbie kata. Mtendaji akiandika ruhusa, navunja mwenyewe."

Shemeji, mume wa dada, alishapanda baiskeli kabla baba hajamaliza. Kwenda kata ni saa nzima, na kurudi ni mlima. Mimi sikungoja. Nilichukua shoka nikaenda mbio zahanati. Baba akanifuata, akanipita, akasimama mbele ya mlango, akanishika mkono wenye shoka. Baba yangu hakuwahi kunishika kwa nguvu hata nilipokuwa mtoto. Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Alikuwa analia, machozi yanaingia mdomoni, na mkono hakuuachia.

Tulikuwa bado tunavutana pale tuliposikia kilio kutoka nyumbani.

Shemeji alirudi jua limeanza kuinama, shati limegandana na mgongo. Alikuwa na karatasi yenye mhuri. Mtendaji wa kata hakusita hata kidogo, aliandika: vunjeni, nitawajibika mimi. Baba aliisoma, akaikunja vizuri, akakaa chini kwenye vumbi.

Sikusema naye miezi saba. Nilimpikia, nilimfulia, nikamwekea maji ya kuoga, lakini neno, ng'o. Uenyekiti aliuacha wiki ile ile ya msiba. Mtoto ndiye aliyemweka hai. Alimbeba mgongoni mchana kutwa kwa kanga, mwanamume mzima, na watu wakajifanya hawaoni.

Muuguzi aliletwa baada ya mavuno. Siku ya tatu baba akaja jikoni, akasimama kizingitini, kofia mkononi.

"Mwanangu, niulizie. Ile sindano ilikuwamo? Mimi siwezi kwenda."

Nikaenda. Muuguzi alikuwa msichana mdogo, mpole. Aliniamkia, nikamweleza. Akanionyesha sanduku. Zilikuwamo, vichupa kumi vidogo, vimepangwa vizuri ndani ya pamba, hakuna hata kimoja kilichopasuka.

Nilirudi polepole. Nitasema ukweli: njia nzima nilikuwa nafurahi. Miezi saba nilitafuta kitu cha kumuumiza nacho, na sasa nilikuwa nacho. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, mtoto amelala mapajani mwake, mdomo wazi. Mikono ikasimama. Alinitazama, akamfunika mtoto sikio kwa kiganja.

"Haikuwamo, baba," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli. Hata tungevunja."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, akavaa kofia akaivuta mpaka machoni. Nikamchukua mtoto ili alie vizuri.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, na alikufa akiamini hivyo. Uongo ule sijauungama kwa padri mpaka leo, maana ili uungame ni lazima ujute.