Kocha Anayejifungia Garini

Niliondoka Kigoma nimenuna. Viongozi wa timu yetu ya wanawake walikuwa wameniita na kuniambia, kwa adabu zote, kwamba wakati umefika nivue viatu nishike filimbi ya ukocha. Mimi, nahodha na beki wa kati tangu timu inaanzishwa. Niliwaomba wangoje nirudi kutoka Sydney, alikojifungua dada yangu Neema, lakini moyoni nilikuwa nimeshajibu: sitaki.

Safari ya ndege sina la kusimulia. Nililala, nikala, nikalala tena. Shemeji Dezire, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi huko kwetu, alinipokea na kunipeleka kwao, mtaa wa Toongabbie. Baridi ya mwezi wa sita ilinikaribisha, na mpwa wangu mkubwa nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza.

Wiki nzima Dezire ana shifti za kutunza wazee. Jumamosi ni nahodha wa timu ya Warundi na Wakongo.

“Kocha wetu ni Mkorea,” aliniambia. “Alikuwa straika mkubwa kwao. Nimemweleza habari zako. Twende ukamwone.”

Jumamosi asubuhi tulishuka treni Fairfield. Uwanjani Kocha Han, mzee mkimya mwenye mikono mfukoni, alitaja kikosi, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. “Sawa, kocha,” wakaitika wote, macho chini. Naye akaenda zake kwenye gari lake, akafunga mlango. Nikadhani ameudhika.

“Hapana,” alisema Dezire. “Mwanzoni tulimwitikia kila kitu na kila wiki tukafungwa. Mkubwa utambishiaje? Akagundua. Sasa anatupisha tuseme yetu kwa Kiswahili, halafu mimi nampelekea. Nani kasema, haulizi.”

Wakajikusanya. Kwanza kila mmoja alijifanya anafunga kamba za viatu. Kisha kipa wao, Mkongo aitwaye Bahati, akajikaza.

“Kapiteni, usikasirike. Siku hizi unachokaka mbiyo, dakika kumi tu pumzi imeisha. Leo ubakie kwa benchi.”

Wengine waliguna, na lilikuwa guno la kukubali.  Dezire alitembea peke yake hadi kwenye gari, akainama dirishani, akaufikisha ujumbe ule uliomhusu yeye mwenyewe. Aliporudi alivua kitambaa cha unahodha, akamfunga Bahati mkononi. Nilimwonea huruma.

Mpira ulipoanza, kocha alikuja kusimama karibu nami. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole kama changu, kwa hiyo tulielewana.

“Na mimi nilianza kuchelewa kuufikia mpira,” alisema. “Wenzangu wote waliona. Nilikuwa mkubwa wao, wakaninyamazia. Timu ikashuka daraja. Nilikuja kuambiwa na mmoja wao nikiwa nimeshakuwa kocha, tena kocha aliyefukuzwa mara mbili.”

“Ulimjibu nini?”

“Nilimuuliza kwa nini hakunipenda kiasi cha kuniambia mapema.”

 Nilifikiria viongozi wangu na ile adabu yao, na jinsi nilivyotoka kule ofisini bila kuaga.

Mchezo uliisha sare. Dezire alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Ndani ya treni ya kurudi, tulipokaribia Merrylands, akasema, “Inauma, shemeji. Lakini wangenyamaza, wangenichukia taratibu.”

Niliporudi Kigoma sikwenda kwanza kwa viongozi. Nilikwenda mazoezini, nikawaambia wasichana: semeni kama niendelee kucheza au niwafundishe, na nani kasema nini sitauliza. Kisha nikaenda kusimama nje ya geti, nimewapa mgongo. Niwe mkweli, nilitumaini watanibembeleza nicheze.

Hawakukawia hata kidogo, na hilo peke yake lilinichoma. Alikuja golikipa wetu, akichezea glavu zake.

“Dada, wanasema utufundishe.”

Iliuma, tena sana. Nikamuuliza, basi nani atacheza nafasi yangu?

“Zaituni,” alisema bila kufikiri, akimtaja beki wetu wa akiba. “Tulishamchagua mwaka jana. Tulikuwa tunaogopa kukuambia.”