Taa Nyekundu kwa Mama Mkwe

Mwanamume anayehamia kwa wakwe zake na watoto, masufuria na godoro la kukunja hana sauti. Mimi nilihamia. Mlima ulipotapika moto, na siku chache baadaye wakubwa wakatuambia tuuache mji, watu wa Ndosho, mtaa wetu wa Goma, walitawanyika kila upande. Sisi tulipanda lori la makaa lililokuwa likirudi tupu kaskazini, tukashuka Kalengera, mlangoni kwa mama yake mke wangu. Alitupa chumba chake, yeye akahamia jikoni. Aibu ilianza hapo, kabla sijagusa kitu.

Kwa watu wa mke wangu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Hamli pamoja. Humwoni akitafuna, naye hakuoni. Akipita unapisha, na akiwa na neno nawe anauambia ukuta, ukuta unakuambia wewe. Miaka yote ya ndoa heshima hiyo ilikuwa rahisi kwangu kwa sababu mimi nilikuwa Goma na yeye Kalengera. Sasa tulikuwa na ua mmoja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo, na mimi nilinyata humo kama mwizi wa kuku.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe silijui sana. Kazi yangu ni kutengeneza simu. Basi nikatengeneza redio ya jirani, tochi ya mwalimu, simu za watu wa kanisa lao. Nilitaka mama mkwe asikie huko jikoni kwamba binti yake hakuolewa na mzigo. Ndiyo maana mke wangu aliponiletea kitu kilichofungwa katika kipande cha kitenge, nilifurahi.

"Baba ya batoto, uniangaliyeko hiki kitu," alisema. "Taa yake iko inawaka mwekundu tu. Hata bakichajisha."

"Ni ya nani?"

"Ya mutu."

Nikakifungua. Ilikuwa sigara ya umeme, ile ya kuvuta mvuke. Sigara ya umeme, Kalengera! Nilicheka, mke wangu hakucheka. Nikaamua palepale kwamba ni ya shemeji yangu mdogo, kijana anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Huyu naye, nilisema moyoni. Watu wanakimbia moto, yeye analilia moshi.

Nilikaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikaanza kazi. Taa nyekundu ikipepesa maana yake batri ni dhaifu, lakini batri husingiziwa mengi. Kwanza nilidhani ni sahani ya umeme wa jua ya kinyozi, walikokuwa wanachajia. Siku za mawingu ile sahani haishibishi hata tochi. Nikaomba umeme wa batri ya gari kwa jirani, nikaiacha hapo mpaka taa ikawa ya kijani. Nikaichomoa, nyekundu ikarudi. Basi batri ilikuwa nzima, na umeme ulikuwa unakwama njiani.

Nikafungua kichwa chake. Kwenye nyuzi za skrubu, pale chuma kinapogusana na chuma, kulikuwa na utomvu mtamu wa ile dawa yake ya kugeuzwa mvuke, na ndani ya utomvu vipande vidogo vya tumbako kavu. Mtu alikuwa anaiweka kwenye mfuko mmoja na tumbako ya kiko. Hapo ningepaswa kusimama na kufikiri. Shemeji yangu hajawahi kushika kiko maishani. Lakini fundi akishaona kosa haoni kingine. Nilisafisha kwa pamba na spiriti, nikainua kwa sindano kile kichuma cha katikati kilichozama, nikafunga.

Ilibaki kujaribu. Kitu kile hakikuwa na kibonye. Kilikuwa kinaamka mtu akivuta. Nikamwita mke wangu.

"Vutako kidogo, tuone kama iko inapepesa."

"Miye?" Alirudi nyuma, mikono mgongoni. "Kinywa yangu pale? Apana." Akaenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa.

Nikapangusa mdomo wa kile kitu kwa shati langu, nikavuta. Taa ikawaka nyeupe, ikatulia. Nikavuta tena kwa nguvu ili kuwa na hakika, mvuke wa mnanaa ukanitoka puani na mdomoni, na nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe, wakati mama mkwe alipotokea kwenye kona na ndoo ya maji.

Alikitazama kile kitu mdomoni mwangu. Kisha akaweka ndoo chini, akavuta kitenge akajifunika uso wote, akageuka kama mwanamke aliyekutwa anaoga. Maji ya ndoo yalikuwa bado yanacheza nilipoelewa.

Mke wangu aliniambia yote kwa kunong'ona, akilia. Mama yake alikuwa amevuta kiko tangu ujanani, kifua kikachoka, akakatazwa tumbako zahanati. Binti akamletea kile kitu kutoka Goma ili kimsaidie kuachana na kiko, na kilikuwa kinamsaidia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba mama yangu anavuta? Kwa mukwe wake?"

Alikuwa na haki. Na mimi pia sikuuliza mara ya pili. Watu wawili wenye adabu tulimharibia mgonjwa dawa yake. Maana ilikuwa imepona kabisa, taa nyeupe, batri imejaa, na haikuwa na faida tena. Kitu kilichoingia kinywani mwa mkwe hakiwezi kurudi kinywani mwa mama mkwe. Ungeweza kukichemsha kutwa. Kumnunulia kingine, hata kwa mkono wa binti yake, ilikuwa ni kutangaza kwamba nimejua. Siku ya pili yake niliisikia harufu ya kiko kutoka jikoni, kisha kikohozi. Niliona haya mpaka chakula kikanishinda.

Tuliporudishwa mjini nilishukuru, na shukrani hiyo pia naionea haya. Mwaka uliofuata waasi walishuka wakakata barabara ya kaskazini, na mama mkwe akafika Ndosho kwa miguu, mkeka kichwani, kulala kwa mkwe wake. Nyumba yetu ni ya mbao, vyumba viwili. Kila alasiri niliondoka ili avute kiko chake kwa heshima. Nilikaa kwenye gereji ya pikipiki, na mafundi walinicheka: "Papa, bamekufukuza tena?" Nilikuwa nacheka nao. Nikirudi, nilikuta moshi umeshatoka na kikohozi bado kimo.

Alasiri moja risasi zililia karibu na barabara kubwa. Kila mtu aliingia ndani. Nilikimbia mpaka mlangoni kwangu, nikasimama. Mke na watoto walikuwa mtaa wa Katoyi kwa dada yangu. Ndani alikuwemo yeye peke yake, na moshi wa tumbako ulikuwa unapenya kwenye nafasi za mbao. Nikachutama nje, mgongo ukutani. Risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati, na mimi nilikuwa nangoja mama mkwe amalize kuvuta.

Mlango ukafunguka. Alikuwa na kiko mkononi na uso wazi. Alinitazama machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ingia," alisema, na hakuuambia ukuta. "Unataka nizike mukwe juu ya tumbako?"

Niliingia. Tulilala chini sakafuni, yeye upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Hapo kikohozi kikamshika, kile kikavu cha Kalengera, mabega yakawa yanapiga sakafu na hewa haimrudii. Nilinyoosha mkono chini ya meza nimpige mgongoni, kama ningempiga mama yangu. Mkono ulifika katikati. Yeye alikuwa amevunja adabu ya maisha yake yote ili mimi nisife, na mimi nikaurudisha mkono.