Nilivyoomba Punguzo Sebuleni kwa Watu

Sasa hivi nacheka, lakini siku ile, jamani, ningeona shimo ningejifukia mwenyewe bila kusubiri wa kunisaidia.

Ilikuwa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, nimekwenda kununua nguo za watoto, na safari ile nilifuatana na Mzee Salum wa Tanga, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye zaidi ya hapo ni baba yake Rukia, na Rukia ndiye niliyempelekea posa, na jibu mzee alikuwa bado kalikalia (hata chai alikuwa akiinywa huku ananipima). Sasa mzee ujanani alikuwa baharia, akafika Meksiko, na chapati zao za mahindi hajazisahau mpaka leo. Tuko soko la Zhanxi tunakwepa mikokoteni, akasema, "Laiti ningezionja tena." Mimi huyo nikadakia, "Baba, niachie mimi. Mji mkubwa hivi, hoteli ya Wameksiko itakosekanaje?"

"Unaujua mji huu?"

"Kama kiganja changu!" (Nilichokuwa nakijua ni stesheni ya treni mpaka mtaa wa Zhanqian, basi.)

Jioni tukazunguka mpaka viatu vikaomba poo. Kila tulikoelekezwa tukakuta tambi, nami naiona posa yangu inapoa. Ndipo nikaona mlango wazi, ghorofa ya chini, karatasi za rangi zimetundikwa, kofia pana kama ungo iko ukutani, na harufu ya mahindi inatoka mpaka nje. "Si nilikwambia, Baba!"

Tukaingia. Watu wamejaa, wanakula. Nikampatia mzee kiti, na mimi nikajipa kingine kizuri chenye mto, nikampungia mkono mama mmoja aliyevaa aproni. Akatutazama, akawatazama wenzake, kisha akatuletea chapati, maharage na nyama. (Kwamba ni kuku nilihakikisha mwenyewe, nikapiga mbawa kwa viwiko na kuwika kidogo, ukumbi mzima ukageuka.) Nikamuuliza bei kwa vidole. Akatikisa kichwa, anatabasamu. Aa, wa kuchezewa ndiye mimi? Sokoni muuzaji akitabasamu bila kutaja bei, ujue anataka kukuchinja. Nikapaza sauti, "Tai gui!" yaani ghali mno, na bei yenyewe sijatajiwa. Akatikisa tena. Basi nikatumia silaha yetu ya sokoni, nikasimama, nikamnong'oneza mzee, "Tuondoke, atatuita tu."

Mzee hakuinuka. Tonge liko mkononi, macho yako ukutani kwenye picha za harusi na za watoto. Akamsemesha yule mama kwa Kihispania chake cha melini, mama akajibu, kisha mzee akanigeukia polepole.

"Hamisi, hapa ni nyumbani kwa watu. Leo ni sikukuu ya kuzaliwa ya bibi yule pale. Na kiti ulichokuwa umekalia ni chake."

Bibi wa watu kasimama nyuma yangu na sahani yake!

 Nikatoka mbio bila kuaga, nalia moyoni, kwaheri Rukia. Nimefika barabarani, nasikia naitwa. Mbinu imekubali! Bibi mwenyewe kanifuata na ndara zake, akanishika mkono, akanirudisha ndani. Nilikula nimeinamisha kichwa, lakini nilikula, maana wallahi vilikuwa vitamu, na mzee na bibi wakaimba nyimbo za bandarini hadi keki ikakatwa.

Njiani nikatembea hatua mbili nyuma yake. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mtu anayeomba punguzo la chakula cha bure," akasema, "kwake mwanangu hatalala njaa. Rukia nimekupa."

Tangu hapo, ugenini sikai kitini kabla ya kuuliza kama ni hoteli au kwa watu. Lakini baba mtu alimsimulia bintiye, na ndiyo adhabu yangu, maana nikithubutu kusema mchuzi umezidi chumvi, Rukia ananyanyua sahani, "Tai gui, eh?" anaelekea jikoni, na hageuki mpaka nimwite.