Chenso Ilipowaka

Mpaka leo natamani chenso ya baba, ule msumeno wake wa injini, isingewaka siku ile. Nasema hivyo nikijua kwamba mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote, nikirukaruka uani na grisi mikononi kama mtu aliyeambiwa amefaulu mtihani.

Baba alikuwa mpasua mbao huko kwetu Bukiriro. Wakati huo alikuwa na jambo moja tu kichwani: wakwe zangu watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Nyakahura, na alitaka wanywe urwagwa, pombe yetu ya ndizi, iliyotoka kwenye umuvure wa nyumbani kwake. Umuvure ni gogo lililochongwa likawa na tumbo refu. Ndizi zilizoiva hukamuliwa humo kwa majani, na maji yake hufunikwa humohumo mpaka yawe pombe. Wetu ulikuwa wa babu, na kiangazi kile ulipasuka. Mama akashauri tuazime kwa jirani. Baba alimtazama kana kwamba ameambiwa aazime suruali ya jirani kupokelea wageni.

Fundi wa Keza anayechonga kwa shoka na tezo alisema ana kazi nyingi, tumsubiri. Baba hakuwa na muda wa kusubiri. Alikuwa na gogo zuri nyuma ya nyumba, na alikuwa na chenso. Asubuhi akaiweka chini, akaikanyaga, akavuta, na kamba ya kuwashia ikakatika, akabaki ameshika mpini mtupu.

Angeweza kuipeleka kwa fundi Ngara mjini. Lakini baba ni mtu ambaye angejing'oa hata jino, kama bisibisi ingelifikia. Akatandika gunia barazani, akafungua kava, na kabla hajasema tujihadhari, springi ikaruka. Ni utepe wa chuma unaokaa umejiviringisha, kazi yake kuirudisha kamba ndani. Ulijikunjua baraza nzima, kuku wakatawanyika.

"Imekufa hiyo," mama akasema kutoka jikoni.

"Haijafa," baba akajibu. "Imetoka tu kutembea."

Kuirudisha kunataka mikono mingi. Baba aliikunja taratibu kutoka nje kuelekea ndani, na mimi nikaibana kwa vidole gumba kila ilipoingia. "Shika hapo, mama. Usiachie," alikuwa akiniambia, mimi ni bintiye, lakini aliniita mama siku zote. Iliniponyoka, tukaanza upya. Vidole viliuma, nami nilikuwa na furaha, kwa sababu nilijua baada ya mahari nitaondoka na hatutakaa hivi tena, magoti yakigusana juu ya gunia moja.

Springi ilipotulia, ikabaki kamba. Ya kufungia mbuzi ilikuwa nene, ikajaa kwenye puli, kigurudumu inakozungushiwa, na kukwama. Baba akainua macho, akaitazama kamba ya mama ya kuanikia nguo. Mama alimwona. Akaguna, akazianua kanga zake mwenyewe, akazitupa juu ya ua wa miti.

"Chukua. Lakini wageni wakikuta nguo uani, nitasema ni zako."

Baba akaikata, akaiunguza ncha kwa kiberiti isichambuke, akapiga fundo. Mara ya kwanza aliizungushia upande usio wake: ukivuta inatoka, lakini hairudi. Ikaning'inia tu. "Sasa imetoa ulimi," mama akasema, na baba akacheka hadi akakaa chini. Akaifungua tena, akaizungusha upande mwingine, akaikaza springi kidogo kabla ya kuachia. Safari hii kamba ilijirudia yenyewe, taratibu, mpaka mpini ukagonga kava. Akavuta. Chenso ikawaka. Ndipo niliporuka.

Kazi ambayo tezo ingeifanya kwa siku nyingi, chenso iliimaliza kabla jua halijazama. Baba alikata mikato ya kukingama, akang'oa vipande, akalainisha tumbo kwa ncha ya msumeno. Ulikuwa umuvure mzuri, lazima niseme. Tuliuosha kwa maji ya moto, tukausugua kwa majivu na mchanga. Hakuna aliyefikiria oili. Mnyororo wa chenso unataka oili muda wote, na kwetu wapasua mbao hutia ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki. Kwenye mbao za paa haina neno. Gogo bichi lile lilikunywa kila tone, na pombe ilipopata joto likaanza kuitema.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina ubaya. Wakwe walikuwa wamekaa, baba amevaa koti lake la kanisani. Akanywa. Nilimwona akisimamisha kibuyu mdomoni, macho yakiwa chini, kisha akameza. Angefanya nini? Akampa mkwe wake.

Mkwe akanywa, akajifuta mdomo. "Pombe nzuri, mkwe wangu. Haina neno."

Kikazunguka. Kila mmoja akasifu, na kibuyu kikarudi kwa baba kikiwa karibu kimejaa. Laiti mmoja wao angecheka! Baba angecheka naye, ingekuwa hadithi ya kusimulia kwenye ubatizo wa wajukuu. Walimheshimu, na heshima ile ilimuumiza. Jioni aliimwaga yote migombani. Hajakamua tena tangu hapo.

Nimeolewa Nyakahura, ninatunzwa vizuri, sina la kulalamika. Lakini kila nikikumbuka vidole vyangu juu ya springi ile, moyo unaniuma. Ningeiachia ikimbie.

Nilipokwenda kuwasalimu juzi, umuvure ulikuwa uani, umejaa maji ya kunywesha mbuzi. Nikamwamkia baba shikamoo, akaitika marahaba, akanipeleka mpaka hapo. Akainama, akanusa.

"Bado," akasema.

Nami nikainama. Kulikuwa na harufu ya maji na ya mbuzi, basi. Mvua zimeuosha miaka yote hii.

"Oili hainuki, baba. Kweli tena. Haina neno."

Akanipigapiga begani, taratibu, kama anayenisamehe.

"Hata wakwe zako walisema hivyohivyo."